Mchukue Mtoto, Dada Yako Alale

Siku niliyofumbuka macho nilimkuta dada yangu amelala huku amekaa kwenye kibao cha mbuzi. Kifuu mkononi, nazi imekunwa nusu, kichwa kimeegemea ukuta, na maharage yanaungua jikoni. Ilikuwa saa sita mchana. Mwanawe alikuwa pembeni yake anamwaga mchele chini, punje kwa punje, akiutazama unavyoanguka. Niliepua sufuria, nikamwita dada, hakusikia. Nilipomgusa bega alishtuka akauliza, "Yuko wapi?" Shikamoo yangu hakuiitikia. Alichokuwa nacho kinywani ni hilo tu: yuko wapi.

Mpwa wangu ana usonji, unaoitwa autism kwa Kiingereza, na siku ile alikuwa na miaka mitano. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nafika pale Chumbageni, mjini Tanga, kila Jumapili na mkate wa ajemi na ushauri. Mpeleke kwa fulani. Mnyime simu. Mchape kidogo, atashika adabu. Sikuwahi hata siku moja kumchukua yule mtoto kwa saa moja mama yake apumzike.

Mimi ni fundi baiskeli, Ngamiani, mjini hapohapo, chini ya mkungu. Haya nawaandikia wajomba wenzangu, mama wadogo, mashangazi, mababu na majirani, watu wanaozunguka nyumba yenye mtoto mwenye usonji. Wazazi wenyewe wanajua kuliko mimi. Kinachowapungukia ni usingizi, na usingizi huo sisi tunaweza kuwapa.

Anza kwa kumwondolea lawama

Mama wa mtoto huyu anaishi kama mtu mwenye kesi isiyosomwa, lakini kila anayepita anatoa ushahidi. Upande wa mume walisema ni uzao wa kwetu. Jirani alitaka kujua alikula nini wakati wa ujauzito. Mama yetu alisema ni kijicho. Kwenye kituo kimoja cha afya aliambiwa kamdekeza mtoto, ndiyo maana hasemi. Na yeye dada, usiku, akiwa peke yake, alikuwa anaihesabu sindano ya surua aliyompeleka kuchomwa.

Kwa hiyo jifunze ukweli, kisha umwambie kwa kinywa chako, mbele ya watu ikibidi. Usonji ni ubongo kukua kwa njia tofauti, na mambo hayo huanza mapema sana, kabla mtoto hajazaliwa. Urithi una sehemu kubwa. Malezi hayauleti. Habari kwamba chanjo ya surua inaleta usonji ilitoka Uingereza mwaka 1998, kwenye makala ya daktari mmoja, Andrew Wakefield. Jarida la Lancet lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Watoto wengi mno wamechunguzwa tangu hapo katika nchi mbalimbali, na chanjo haikukutwa na hatia. Hata Marekani akina mama waliwahi kuambiwa kwamba ni ubaridi wao ndio uliowaharibu watoto. Mmoja wa waliosimama kulipinga hilo, mwaka 1964, ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye naye alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji.

Nilipomwambia dada kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 127 ana usonji, alinyamaza, akawa anaipigia hesabu shule ya msingi tuliyosoma. "Basi walikuwepo," akasema. "Mbona hatukuwaona?" Tukaanza kukumbuka nyumba moja moja: ile yenye mtoto aliyekuwa hatolewi nje, ile iliyokuwa inasikika sauti tu nyuma ya ukuta. Alilia siku ile, na nadhani alikuwa anawalilia wale mama zao.

Kaa na mtoto kabla ya kumchukua

Usimbebe siku ya kwanza. Mimi nilifanya hivyo, nikamrudisha baada ya dakika ishirini, yeye analia, mimi nimeng'atwa mkono, na dada akawa na kazi mbili badala ya moja. Baadaye nilikaa kwao majuma matatu, kila nikitoka kazini, nikimtazama tu na kumuuliza mama yake. Anakula nini? Wali mweupe bila mchuzi, andazi lisilo na iliki, embe bivu likimenywa mbele yake. Anaogopa nini? Pikipiki iliyotobolewa ekzosi, mashine ya kusaga, spika za harusi. Adhana haimsumbui, maana ameizoea tangu kitandani. Akitaka maji anafanyaje? Anakuvuta mkono mpaka kwenye mtungi. Akianza kujipiga paji la uso kwa kiganja, ujue zimebaki dakika chache, mwondoe palipo na kelele.

Mwombe mama akuonyeshe pia anavyomuaga mtoto kwa ishara. Watoto hawa wengi hawapendi kushtukizwa. Dada anazo picha kwenye vipande vya boksi: bafu, sahani, kitanda, na moja ya baiskeli, ambayo ndiyo mimi. Nikifika anaionyesha ile picha, mtoto anaishika, tunaondoka nayo. Bila ile picha hatutoki salama hata hatua kumi.

Kwenye banda langu kwanza niliandaa mahali. Golori nimezitia kwenye kopo la mfuniko wa kusokota, juu, kwa kuwa kila kidogo kinaenda mdomoni. Solusheni ya kubandikia viraka inafungiwa. Nikamtandikia gunia upande wa ukuta, mbali na barabara.

Kisha nikageuza baiskeli juu chini, tandiko na usukani vikakaa ardhini, nikazungusha gurudumu la nyuma. Likienda kasi spoku zinapotea, unaona kama ukungu tu ndani ya ringi. Likichoka zinaanza kurudi, moja moja. Hapo ndipo anapoinama, jicho karibu kabisa, akiingoja ya mwisho isimame. Likisimama anashika mkono wangu kwenye kifundo, kama mtu anavyoshika spana, anaupeleka kwenye pedeli. Nazungusha tena. Siku ile nilimzungushia mpaka magharibi, na wateja wawili wakaenda kwa fundi mwingine.

Nilidhani nampotezea muda. Baadaye nikaja kujua kwamba mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani, yanafundisha jambo la namna hii: kaa chini alipo mtoto, ingia kwenye kile anachokipenda, uige mchezo wake, ndipo uongeze kidogo. Nami nikaongeza. Nikawa naishika pedeli, nasema "zungu..." halafu nanyamaza na kumtazama. Majuma yakapita. Alhamisi moja, macho yake yakiwa kwenye ringi, akasema, "sha."

Nikazungusha. Nikashika tena. "Zungu..." "Sha." Ana miaka saba sasa, na neno hilo bado analisema penye gurudumu tu, sitaki kumdanganya mtu. Ila siku ile nilitaka kuacha spana zote chini nimpigie dada simu. Sikupiga. Ilikuwa saa kumi na nusu, alikuwa amelala.

Siku zijulikane, saa zijulikane

"Ukiwa na shida niambie" ni maneno mazuri, na hayasaidii. Aliyechoka kiasi kile hana nguvu ya kuomba. Sema hivi: nakuja Jumanne saa tisa, namrudisha saa kumi na mbili. Kisha uje. Mvua ikinyesha, uje. Mteja akikuomba umalizie baiskeli yake, mwambie kesho. Mimi nina Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mama yetu ana Jumapili asubuhi, lakini kwa kuwa miguu yake haina mbio, anakaa naye ndani, na geti limefungwa. Msaada usiojulikana utakuja lini hauwezi kulalwa juu yake. Mama atakaa anasikiliza mlango.

Saa zile ni zake. Usimuulize alizifanyia nini. Kuna Jumanne dada alikwenda kusuka, akakutana na maneno ya mtu mmoja wa mtaani kwamba anajipamba na mtoto anamtupia kaka yake. Nilikwenda kwa yule mtu mwenyewe, kwa heshima, nikamwambia kwamba mimi ndiye ninayemwomba asuke. Hilo nalo ni sehemu ya kazi. Wewe unaweza kusema mambo ambayo mama akiyasema ataonekana anajitetea.

Usiku ni mgumu zaidi, maana watoto wengi wenye usonji hawalali vizuri. Mpwa wangu huamka saa nane, akawa macho mpaka alfajiri, anacheka, anaruka kitandani. Dada na shemeji sasa wanaugawa: mmoja mpaka saa nane, mwingine kuanzia hapo, na asiye zamu analala chumba cha pili na mlango umefungwa. Ijumaa kuamkia Jumamosi nakuwepo mimi. Kama huwezi kulala kwao, fika saa kumi na mbili asubuhi umpokee aliyekesha.

Maji

Hapa naomba usome polepole. Watoto wenye usonji wengi huvutwa na maji na wengi hutoroka nyumbani bila kujua hatari. Vyote viwili vikikutana, mtoto anazama.

Mwaka juzi geti lilisahauliwa wazi kwa muda wa mtu kulipa maji ya dumu. Tulipogundua, kila mtu alikimbilia alikozoea: mmoja dukani, mmoja msikitini, mimi nikashika njia ya Ngamiani nikidhani anafuata baiskeli. Tulipoteza karibu saa nzima. Alikutwa Raskazone, amesimama baharini, maji yakiwa kifuani, anapiga mawimbi kwa viganja. Vijana waliokuwa wanatengeneza nyavu ndio waliomtoa. Walimwita wakadhani kiburi, maana hakugeuka. Mmoja akaona kwamba maji yanajaa, akamfuata.

Kwa hiyo mtoto akipotea, mtu wa kwanza akimbilie kwenye maji: bahari, kisima, mtaro, shimo lililojaa mvua, pipa la jirani. Madukani mtatafuta baadaye. Kabla hajapotea, fundi apige komeo juu kabisa ya mlango, mtoto asipofika. Visima na mapipa yafunikwe. Namba ya simu ishonwe kwa uzi ndani ya ukosi wa kila shati. Kuandika kwa kalamu kunafutika. Peleka picha yake kwa vijana wa bodaboda wa kijiwe cha karibu, uwaambie jina lake, na kwamba akiitwa huenda asiitike, kwa hiyo wamsimamie mbele na kukupigia. Pale Chumbageni wale vijana wamekuwa walinzi wetu. Mara mbili wamemrudisha kabla hatujajua ametoka. Na mfundishe kuogelea. Mpwa wangu nampeleka mwenyewe Jumamosi, maji yakiwa yamepwa, mkono wangu chini ya mgongo wake.

Akilipuka mbele za watu

Ilitutokea soko la Mgandini. Mtu aliangusha makreti, mtoto akalala chini akipiga kelele, na watu wakakusanyika. "Mchape huyo!" Ukiwa na mama yake siku kama hiyo, kazi yako ni watu, kazi yake ni mtoto. Simama kati yao. Sema kwa sauti ya kawaida, "Ana usonji, atatulia, tupeni nafasi." Rudia hivyohivyo. Usibishane. Kama uko peke yako na mtoto, punguza maneno, usimkamate isipokuwa kuna hatari, ondoa kelele ukiweza, ngoja. Si ukaidi huo. Vitu vimemjaa kichwani kupita anavyoweza kubeba, na fimbo inaongeza kimoja. Atakapokuwa ametulia mpe maji.

Wengine ndani ya nyumba

Dada ana binti wa miaka kumi na moja. Mtoto mwema, hana shida, na kwa sababu hana shida alikuwa amesahauliwa. Anajua kumbadilisha mdogo wake nguo, anajua kulala nusu jicho. Siku moja nilimuuliza anataka nini akasema hajui. Kwa hiyo Coastal Union wakicheza Mkwakwani namchukua yeye, peke yake, kwenye kerea ya baiskeli. Sasa anajua majina ya wachezaji wote, na kwamba timu ilichukua ubingwa wa ligi mwaka 1988 kabla hata mama yake hajaanza shule. Huko hatumzungumzii mdogo wake mpaka yeye mwenyewe aanze. Mara nyingine huanza. Aliwahi kuniuliza kama wazazi wakifa yeye ndiye atakayebaki naye. Nikamjibu kwamba mimi nipo, na watoto wangu wapo, na jambo hilo litapangwa na wakubwa.

Shemeji alikuwa anachelewa kurudi. Ndugu walitaka kumweka kikao, nilikataa. Mwanamume anayeona aibu ukimweka kikao atahama. Nilimpa jambo moja liwe lake: kumuogesha mtoto jioni. Mtoto anapenda maji, kwa hiyo baba alipewa saa ambayo mtoto ana furaha. Sasa ndiye anayejua namna ya kumwaga maji kichwani bila kilio. Hata dada hawezi.

Fedha na dawa

Ndugu sita, kila mmoja shilingi 5,000 kwa wiki, zinakwenda kwa dada bila kuulizwa risiti. Ni afadhali hivyo kuliko mchango mkubwa wa mara moja unaotangazwa mbele ya ukoo. Bajaji ya kwenda kliniki inalipwa kila wiki.

Hospitali nenda naye, uwe wa kuandika. Bombo ndiyo hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Waulize masikio yapimwe, maana wapo watoto wanaodhaniwa wana usonji kumbe hawasikii, na wapo wenye vyote viwili. Waulize na kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine, na hicho kina dawa. Mkipewa rufaa ya kwenda Muhimbili, nauli na mtu wa kusindikiza vitoke kwenu nyie ndugu.

Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa. Kinachosaidia ni mafunzo ya mawasiliano, mazoezi ya kujihudumia, na watu wenye subira. Mama yetu alitaka mtoto asomewe, akasomewa. Dua ilimtuliza yeye na dada, na hilo lina thamani. Lakini mtu akitaka kumfukiza mtoto moshi, kumchanja chale, kumfunga kamba, kumfungisha kula, au kumnywesha majimaji ya klorini yanayouzwa kama tiba, simama mlangoni. Usimwachie mama peke yake kazi ya kumkatalia mganga aliyeletwa na wakwe.

Mtazame mama mwenyewe

Jioni moja, akikunja nguo, dada alisema, "Siku nikienda, bora niende naye." Alisema taratibu, kama anayetaja bei ya nyanya. Nisingekuwa naye karibu mara tatu kwa wiki nisingesikia.

Ukisikia maneno hayo, au ukiona ameacha kuoga, ameacha kula, hana kicheko wala hasira, usimwambie amshukuru Mungu. Kaa chini. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa, au kumdhuru mtoto. Swali hilo halimtii mtu wazo, linamfungua. Usimwache peke yake usiku huo, na umpeleke hospitali, kwa watu wa afya ya akili. Sisi tulikwenda siku ileile, shemeji akiwa mbele. Dada alitibiwa, akarudi kuwa dada, na mtoto akakaa kwangu majuma mawili.

Kumrudisha

Mrudishe kwa saa mliyoagana, hata kama mchezo umenoga. Awe amekula, ameoga, na picha ya boksi iko mkononi. Mlangoni mweleze mama mambo matatu: amekula nini, amekwenda choo au la, ametulia au amelia. Jambo zuri lisubiri mwisho. Siku ile ya "sha" nilianza na wali, nikaja kwenye choo, na dada alikuwa ana alama ya mkeka shavuni, macho hayajafunguka vizuri. Ndipo nikamwambia.

Kisha mwambie siku ya kurudi. "Jumamosi saa tisa." Asikie siku na saa, ndipo upande baiskeli.